Meno na akili: mapitio ya kimfumo yanasema nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mgonjwa, mzazi, muuguzi au yeyote aliyewahi kuambiwa "utafiti umethibitisha" akabaki anajiuliza: utafiti gani huo? Meno na akili vimewekwa pamoja kwa makusudi, na sababu yake utaiona huko mbele. Haya si maelekezo ya kumtibu mtu fulani. Hayo ni ya daktari aliyekuona na anayezijua dawa nyingine unazotumia.

Mapitio ya kimfumo ni nini?

Anayeandika makala ya kawaida hutaja tafiti anazozikumbuka, na mara nyingi anazikumbuka zile zinazomuunga mkono. Kwenye mapitio ya kimfumo, kanuni huandikwa kabla ya kazi kuanza: wagonjwa gani, tiba gani, ikilinganishwa na nini, na kitakachopimwa ni kipi. Baada ya hapo watafiti husaka kila jaribio linalotimiza masharti hayo, hata ambalo halikuchapishwa, hupima ubora wake, na inapowezekana hujumlisha takwimu zote kupata hesabu moja.

Taasisi inayotajwa zaidi ni Cochrane, iliyoanzishwa 1993. Imepewa jina la Archie Cochrane, daktari wa Uskoti ambaye mwaka 1972 alichapisha kitabu cha kulalamika kwamba tiba nyingi zilizokuwa zikitolewa na huduma ya afya ya Uingereza hazikuwahi kupimwa kama kweli zinasaidia.

Kwa nini utafiti mmoja, hata ukiwa mkubwa, hautoshi?

Kwa sababu hujui ni mingapi mingine imefungiwa kabatini. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walichukua majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyokuwa yamesajiliwa kwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wakalinganisha mafaili ya mamlaka hiyo na kilichotoka kwenye majarida. Ukisoma majarida peke yake, asilimia 94 ya majaribio yalionekana kuipa dawa ushindi. Kwenye mafaili, yaliyoshinda yalikuwa asilimia 51. Karibu theluthi moja hayakuchapishwa kabisa, na kati ya yale yaliyoshindwa, baadhi yaliandikwa upya mpaka yakaonekana yamefaulu.

Kisa cha reboxetini ni kibaya zaidi. Watafiti wa Ujerumani walipoipitia dawa hiyo ya sonona mwaka 2010, waligundua kwamba takwimu za asilimia 74 ya wagonjwa walioshiriki majaribio zilikuwa hazijachapishwa. Walipozijumlisha zote, dawa haikuizidi plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, na madhara yake yalikuwa mengi zaidi. Daktari aliyekuwa akisoma majarida kwa uaminifu kila wiki asingeweza kulijua hilo.

Ule mchoro wenye mistari na almasi unasomwaje?

Nembo ya Cochrane yenyewe ni mchoro huo, kwa hiyo tuutumie. Katikati kuna mstari wima, ambao maana yake ni "hakuna tofauti". Kila mstari mfupi wa kulala ni jaribio moja. Ukiwa mrefu, jaribio lilikuwa na watu wachache na jibu lake halina uhakika. Ukiwa mfupi, uhakika ni mkubwa. Mstari wa kulala ukiugusa ule wa wima, jaribio hilo peke yake haliwezi kusema tiba inasaidia. Almasi ya chini ndiyo jumla ya yote.

Kwenye nembo kuna mistari saba ya kulala. Ni majaribio ya sindano za kotikosteroidi kwa wajawazito waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wakati. La kwanza lilichapishwa 1972. Mengi kati yake yanaugusa mstari wima, na ukiyasoma moja moja unaweza kusema dawa haina maana. Almasi iko upande mmoja kabisa, mbali na mstari: sindano zinaokoa vichanga. Hesabu hiyo ya pamoja ilichelewa kufanywa kwa miaka mingi, na gharama ya kuchelewa huko walilipa watoto.

Wakisema "hakuna ushahidi wa kutosha", si sawa na kusema tiba haifanyi kazi?

Si sawa, na hapa ndipo watu wengi hupotoshwa. "Tumepima vizuri, haisaidii" ni jibu. "Hakuna aliyepima vizuri" ni kukosa jibu. Kwenye meno, jibu la pili ndilo linalojitokeza mno. Mfano ni gego la mwisho lililokwama ndani ya ufizi lakini haliumi wala halina ugonjwa: ling'olewe mapema au liachwe? Cochrane wamelipitia swali hilo zaidi ya mara moja, na bado majaribio ni machache na dhaifu kiasi kwamba hayaamui. Daktari anayekwambia ling'oe na yule anayekwambia liache wote wanatumia busara yao, na ni haki yako kuwauliza sababu.

Dawa ya meno yenye floraidi inasaidia kweli, au ni matangazo?

Inasaidia. Mapitio ya Cochrane ya 2003 yalijumlisha majaribio 70 yenye watoto zaidi ya 42,000 na kukuta kuoza kwa meno kumepungua kwa asilimia 24 ukilinganisha na dawa isiyo na floraidi. Kwenye meno ni nadra kupata ushahidi mzito namna hiyo. Vanishi ya floraidi inayopakwa kliniki nayo, kwenye mapitio ya 2013, ilipunguza kuoza kwa asilimia 43 kwenye meno ya ukubwani na 37 kwenye ya utotoni.

Dukani, tazama namba iliyo nyuma ya boksi badala ya picha ya mbele. Dawa yenye floraidi 1000 hadi 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni) ndiyo yenye ushahidi. Dawa za "mkaa" na "mitishamba" ambazo hazina floraidi haziwezi kuazima sifa hizi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, na hadi miaka sita kiasi cha njegere, kwa sababu wanaimeza.

Kuhusu kuweka floraidi kwenye maji ya bomba, hesabu imepungua kadiri miaka inavyokwenda. Mapitio ya 2015 yalitegemea zaidi tafiti za kabla ya 1975, wakati dawa za meno zenye floraidi hazijaenea, na faida ilionekana kubwa. Mapitio mapya ya 2024, yakitazama tafiti za baada ya hapo, yamekuta faida ya takriban robo ya jino moja la utotoni kwa kila mtoto.

Mimi ni wa Arusha. Maji yetu tayari yana floraidi nyingi. Je?

Basi swali lako ni jingine kabisa. Majaribio hayo mengi yalifanyika mahali ambapo floraidi ya maji ni kidogo. Kwenye Bonde la Ufa, kuanzia Meru hadi Nakuru, kuna visima vinavyopita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wenyeji hayatokani na uchafu. Kinachomharibia mtoto ni floraidi anayoimeza wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya taya, kwa hiyo la kwanza ni maji ya kunywa na kupikia: chanzo kingine, maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa kama lile lililofanyiwa kazi miaka mingi kituo cha Ngurdoto. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza. Mswaki na dawa ya meno endelea navyo, ila simama karibu na mtoto mpaka ateme.

Ni lazima nisafishwe meno kila miezi sita?

Desturi hiyo ni maarufu kuliko ushahidi wake. Mapitio ya Cochrane ya 2018 yalipata majaribio mawili tu yanayofaa, yenye watu 1,711 nchini Uingereza. Kwa watu wazima waliokuwa wakihudhuria kliniki kawaida na wasio na ugonjwa mkali wa fizi, kusafishwa kila miezi sita, kila mwaka, au kutosafishwa kabisa kwa miaka miwili hadi mitatu hakukuleta tofauti ya maana kwenye fizi. Ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu, ulipungua kidogo.

Usilichukue jibu hilo ukalipeleka pasipo pake. Waliopimwa walikuwa na daktari wao wa meno na walikuwa wakimwona. Mtu mwenye umri wa miaka 40 ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, fizi zinatoka damu na meno yanacheza, hakuwemo kwenye majaribio hayo. Huyo anahitaji kutibiwa.

Mswaki wa umeme? Uzi wa meno?

Mswaki wa umeme huondoa ukoga zaidi ya wa kawaida: asilimia 21 zaidi baada ya miezi mitatu, na uvimbe wa fizi hupungua kwa asilimia 11. Kama unaupenda na unaumudu, sawa. Uzi wa meno ushahidi wake ni dhaifu. Huenda unapunguza kidogo uvimbe wa fizi.

Jino linauma usiku. Nikanunue amoksilini?

Duka la dawa lililo jirani litakuuzia, lakini kwa jino lililooza likafika kwenye mshipa, antibiotiki hazionyeshi kupunguza maumivu. Ushahidi wenyewe ni mdogo: Cochrane walipata jaribio moja tu, la watu 40, waliopewa penisilini au plasebo, na maumivu hayakutofautiana. Maelezo ya kibaiolojia yanaelekea hukohuko. Kinachouma ni nyama iliyovimba ndani ya jino, na tiba yake ni kufungua na kusafisha mzizi au kung'oa. Antibiotiki zina kazi yake pale uvimbe unapotambaa usoni, unapopata homa, au unaposhindwa kumeza au kufungua mdomo, na hapo usingoje asubuhi: nenda hospitali.

Kwa maumivu yenyewe, mapitio ya 2013 ya watu waliotolewa magego ya mwisho yalikuta ibuprofeni ya miligramu 400 ikiishinda parasetamoli ya miligramu 1000, na zikitumika pamoja zikafanya vizuri zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu au ujauzito aulize kwanza kabla ya kugusa ibuprofeni.

Kuziba jino bila mashine kunafaa?

Njia hii ina mizizi Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Dar es Salaam waliokuwa wakifanya kazi vijijini bila umeme walianza kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa simenti inayoshika jino; baadaye ikatumika ya ionoma, ambayo pia hutoa floraidi kidogo kidogo. Hakuna mashine inayolia, na mara nyingi hakuna sindano. Baadaye ikaenea duniani kwa jina la ART.

Mapitio ya Cochrane ya 2017 hayakuisifu sana: kwenye meno ya utotoni, vizibo vya ART huenda vinaharibika zaidi kuliko vya mashine, na ubora wa ushahidi ni wa chini. Nadhani hapa msomaji inabidi aulize inalinganishwa na nini. Majaribio yalilinganisha ART na mashine. Kule ilikozaliwa, kilichokuwa kikimsubiri mgonjwa hakikuwa fundi mwenye mashine, kilikuwa koleo la kung'olea jino. Kizibo kitakachodumu miaka mitatu badala ya mitano bado ni jino lililobaki mdomoni. Mapitio hujibu swali waliloulizwa watafiti, na swali lako linaweza kuwa jingine.

Dawa za sonona zinafanya kazi?

Ndiyo, kwa wastani, na kwa kiasi. Mapitio makubwa zaidi, yaliyoongozwa na Andrea Cipriani na kuchapishwa 2018, yalijumlisha majaribio 522 yenye watu 116,477 na dawa 21. Zote ziliishinda plasebo. Iliyopata alama za juu kabisa ni amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo zahanati nyingi za kwetu zinaijua. Ya mwisho ni ileile reboxetini.

Majaribio mengi yalikuwa ya wiki nane hivi, kwa hiyo hayasemi mengi kuhusu mwaka wa pili. Na "kwa wastani" inaficha watu wawili tofauti: aliyepona vizuri na ambaye hakuona lolote.

Mtu asiye mtaalamu anaweza kumtibu mwenye sonona kwa mazungumzo?

Akifunzwa na kusimamiwa, anaweza, na ushahidi wenye nguvu umetoka Afrika. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda. Wenyeji waliomaliza sekondari walifunzwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia msiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na dalili za kutosha kuitwa sonona walikuwa asilimia 6.5 kwenye vikundi, na asilimia 54.7 kwenye vijiji vya kulinganishia. Tofauti kubwa hivyo huonekana mara chache katika fani hii.

Lilikuwa jaribio moja, na ukurasa huu umeshasema kuhusu jaribio moja. Yamefuata mengine: bibi wa Harare wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi, wanawake wa Nairobi waliopitia ukatili, vijana wa shule za Kenya. Mapitio ya Cochrane ya 2021 yaliyahesabu 95 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, na kuona kwamba wahudumu wa ngazi ya msingi wanaweza kupunguza sonona na wasiwasi. Ukiniuliza ni wapi serikali ianze kuweka fedha, nitaanza hapo.

Baada ya ajali mbaya, si vizuri watu wote wakusanywe waeleze waliyoyaona?

Nia ni njema, ila kikao kimoja cha kumlazimisha kila aliyenusurika asimulie tukio kimepimwa na hakikuzuia madhara ya kiwewe. Kwenye jaribio moja la wagonjwa walioungua moto huko Wales, baada ya miezi 13 waliopewa kikao hicho wenye ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 26, na ambao hawakupewa walikuwa asilimia 9. Waandishi wa mapitio ya Cochrane walisema wazi kwamba kuwalazimisha watu vikao hivyo kukome.

Aliyetoka kwenye basi lililopinduka apewe blanketi, chai, simu ya kuwasiliana na ndugu zake, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, asikilizwe. Asipotaka, aachwe. Anayeendelea kushtuka na kukosa usingizi baada ya wiki kadhaa ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu.

Waganga wa jadi je?

Wamepitiwa pia. Mwaka 2016 Gareth Nortje na wenzake walikusanya tafiti 32. Kwa huzuni na wasiwasi wa kiasi, kuna dalili kwamba mganga anaweza kumpunguzia mtu dhiki. Kwa magonjwa makali ya akili kama skizofrenia na bipola, hawakukuta ushahidi wa maana kwamba mwenendo wa ugonjwa unabadilika. Upande wa dawa, mapitio ya 2012 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa skizofrenia walioendelea kumeza, asilimia 27 walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka. Kati ya walioachishwa, asilimia 64.

Familia nyingi huenda kote kuwili, na kugombana nao hakusaidii. Kinachokatazwa ni kumfunga mtu minyororo au kumnyima chakula, na hilo halihitaji mapitio yoyote.

Kwa hiyo meno na akili vinakutana wapi?

Mdomoni mwa mgonjwa wa akili. Mapitio ya Steve Kisely na wenzake ya 2015, yenye tafiti 25, yalikuta kwamba wenye magonjwa makali ya akili wana uwezekano mara 2.8 zaidi wa kuwa wamepoteza meno yote.

Rudi kwenye amitriptilini, iliyoongoza orodha. Inakausha mate, na dawa kadhaa za saikosisi hufanya vivyo hivyo. Mate ndiyo yanayosafisha tindikali na kurudishia jino madini. Yakipungua, mtu hutafuta cha kulowanisha koo, na kilicho karibu ni soda au chai yenye sukari, anayoinywa kidogo kidogo mchana kutwa. Ongeza sigara, ongeza siku ambazo kunyanyuka kitandani tu ni kazi, sembuse kupiga mswaki. Kliniki ya akili haitazami meno, na ya meno haiulizi kuhusu dawa anazomeza.

Je, kumpa mgonjwa elimu kunatosha? Mapitio ya Cochrane ya 2016 yalipata majaribio matatu, na hayakutoa ushahidi wa kuaminika kwamba elimu peke yake inaboresha hali ya kinywa. Dawa za kupulizia na jeli za mdomo mkavu nazo hazikuonyesha ubora wa wazi kwenye mapitio ya 2011. Mpaka ipatikane tiba bora: maji ya kawaida badala ya soda, dawa ya meno yenye floraidi usiku na kuitema bila kusukutua, na vanishi kila anapofika kliniki ya meno. Anayemhudumia nyumbani amuulize daktari wa akili moja kwa moja: "Dawa hii inakausha mdomo? Ipo nyingine?" Mara nyingi ipo.

Naogopa sana kiti cha daktari wa meno. Kuna tiba?

Tiba ya mazungumzo inayomzoesha mtu hatua kwa hatua ina ushahidi mzuri kwa watu wazima. Kwa watoto, midazolamu ya kunywa hutuliza, ikitolewa na aliyefunzwa. Mwambie daktari mapema kwamba unaogopa.

Nimesoma hapa kwamba dawa yangu ya sonona faida yake ni ya kiasi. Niache?

Usiache ghafla. Mapitio ya 2024 yenye watu zaidi ya 21,000 yalikuta kwamba karibu mmoja kati ya watu sita au saba anayeacha hupata dalili zinazotokana na kuacha kwenyewe: kizunguzungu, kichwa kuuma, kukosa usingizi, hasira. Takriban asilimia 3 huzipata kwa ukali. Wengi huzichukulia kuwa sonona imerudi, wakaogopa. Kama unataka kupunguza, mwambie aliyekuandikia, na mpange mtashusha kipimo kwa wiki ngapi na nani wa nyumbani atakayekuangalia katika kipindi hicho.